Mwalimu wa Gesi, Jua na Nyuklia

Mwalimu wetu alikuwa na uwezo wa kukuchosha kwa umeme bila kuwa na waya hata mmoja nyumbani kwake. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaopenda kuhesabu koo. Mimi nilimkuta tayari ni mwalimu, tayari ana suruali ya mkunjo mkali, tayari ana maoni. Alikuwa amefundisha Nyabusozi, kule Biharamulo, akahamishiwa huku kwetu Ngara, upande wa Kanazi, na watu wa Nyabusozi hawakuja kumdai. Namwelezea sasa akiwa hai. Akifa watasimama watu kumsifu, na siku hiyo hakuna atakayeniachia nafasi ya kusema kweli.

Kwanza mdomo. Alikuwa na jambo moja tu, na jambo hilo limemtosha miaka yote ya kustaafu: nchi hii ipate wapi umeme wake bila kuchafua hewa. Gesi ya Mtwara? Jua, upepo na maji? Au nyuklia? Ukimsalimu asubuhi unapewa Mtwara. Ukimwuliza mkewe anaendeleaje unapewa habari za mabwawa yanavyopungua maji. Kwenye mashine ya kusaga watu walikuwa wanampisha kwenye foleni, yeye akidhani ni heshima ya uzee. Walikuwa wanataka asage aondoke.

Kwetu pombe ya ndizi hunywewa kwa mirija, chungu kimoja katikati, wazee wamekizunguka. Aliye na mrija mdomoni husikiliza. Adabu yenyewe ni hiyo: unavuta, unamsikia mwenzako mpaka amalize, unamwachia mrija, ndipo unasema lako. Mwalimu hajawahi kunywa pombe. Watu wa kanisani walimsifu sana kwa hilo. Mimi nilijua sababu. Hakutaka kitu chochote kimzibe mdomo.

Siku tuliyomzika mume wangu alipewa dakika mbili atoe salamu za walimu wastaafu. Alianza vizuri, marehemu alikuwa mtu wa watu, marehemu hakuwa na makuu. Halafu akatazama upande wa jikoni, wanawake walikuwa wanapikia waombolezaji na moshi umetanda, nikayaona macho yake yanabadilika.

"Ndugu waombolezaji," akasema, "huo moshi mnaouona pale ni mdogo. Mkitaka kujua moshi, tembeleeni mtambo wa makaa ya mawe."

Akaenda. Akapita kwenye makaa ya mawe, akapita kwenye gesi, akaingia baharini kabisa. Jeneza likaanza kuota jua. Padri alikohoa mara tatu. Mwishowe shemeji yangu akamshika mkono taratibu, akamwambia, "Mwalimu, marehemu ameelewa."

Nilicheka siku ya kumzika mume wangu, ndani ya kitenge, watu wakadhani nalia. Na hilo namdai mwalimu mpaka leo, ingawa sijui namdai shukrani au radhi.

Imani zake zilikuwa tatu, akawa anazifuata kwa zamu.

Miaka ya gesi alikuwa mkali. Gesi tunayo wenyewe, anasema, iko chini ya bahari na chini ya ardhi, haikuombwa kwa mtu. Ukiichoma kupata umeme inatoa hewa chafu karibu nusu tu ya ile ya makaa ya mawe. Jirani yetu Masanja, Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akamsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema, "Nusu ya mavi bado ni mavi, mwalimu. Mimi nafuga, najua."

"Masanja, huelewi. Hiyo nusu inatuvusha. Tunavuka nayo kama daraja mpaka tufike kwenye nishati safi."

"Na ukifika katikati ya daraja ukanogewa?"

Mwalimu akasema hilo ni swali la kisiasa. Maswali ya Masanja yote yaliyomshinda yalikuwa ya kisiasa.

Kisha akasoma mahali, au akasikia redioni, kwamba gesi ikivuja kwenye bomba kabla haijachomwa inaipasha dunia joto kuliko hata moshi wake. Basi. Gesi ikafa siku hiyo hiyo. Alipita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba alikuwa amekosea, na nyumba nyingi ndipo zilipojua kwamba alikuwa na msimamo. Sasa akawa mtu wa jua. Jua ni bure, jua halivuji, jua halina bomba.

"Na likizama?" akauliza Masanja.

"Betri."

"Betri ikifa?"

"Upepo."

"Upepo ukilala?"

"Maji. Si mnayaona maporomoko ya Rusumo? Maji yale yanazalisha umeme mchana na usiku."

"Na mvua ikigoma, mto ukapungua?"

Mwalimu akanyamaza. Nilikuwepo, nilikuwa namenya ndizi za mchana, na kimya kile kilinitosha kumenya ndizi mbili. Ilikuwa Kwaresima. Pasaka ilipofika alikuwa mtu wa nyuklia.

Hiyo ilikuwa imani mbaya kuliko zote, maana ilimpa furaha. Kipande cha urani kama kidole gumba, anasema, kinafanya kazi ya malori ya makaa ya mawe, na hakitoi moshi hata wa kiko. Haijali jua limezama, haijali mvua imegoma. Na urani nayo tunayo, iko kusini huko.

"Na majivu yake?" nikamwuliza mimi.

"Yapo machache, Mama Adela. Yanafukiwa chini sana, yanalindwa."

"Miaka mingapi?"

"Maelfu."

"Yanalindwa na nani?"

"Na vizazi vijavyo."

"Vizazi vipi, mwalimu? Hawa tunaowatuma shambani kulinda mihogo, nyani wakaja wakala wakasaza, na walinzi wamelala?"

Akaniambia mimi ni mkulima ninayeitazama dunia kutoka kwenye tuta la viazi. Nikamwambia afadhali mimi nina tuta.

Nisije nikasingizia. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Ukimsikiliza siku moja unaona mtu mwenye akili, na kila alichosema kuhusu gesi, kuhusu jua na kuhusu nyuklia kilikuwa na ukweli ndani yake. Tatizo lake lilikuwa siku ya pili. Alikuwa anapima mambo kama mtu anayechagua mchumba miaka arobaini. Kila msichana ana kasoro, na yeye anazeeka akiwa na kalamu mkononi.

Nyumba yake sasa. Nguzo za umeme zilipofika kijijini, sisi wote tulikimbilia. Kabla ya hapo tulizoea kusikia jenereta zikinguruma mjini huko, umeme ulikuwa kitu cha watu wa mjini na kelele zake. Nikafunga taa tatu, moja uani, na siku ya kwanza niliiwasha mchana ili wapita njia waione. Mwalimu aligoma. Nguzo imesimama mlangoni kwake, angeweza kuifungia mbuzi, na yeye amegoma.

"Waya ule," akanieleza, "umechanganya kila kitu. Ndani yake kuna maji, kuna gesi, kuna na mafuta. Siwezi kuwasha taa bila kujua nawasha nini."

Mkewe, mwanamke mpole niliyemwonea huruma hata siku ya harusi ya mtoto wake, alipika kwa mkaa miaka yote hiyo. Mkaa! Mwenye kilo elfu za hotuba juu ya hewa chafu alikuwa analetewa magunia ya mkaa na baiskeli kutoka msituni, yakishushwa nyuma ya nyumba ili wapita njia wasione. Nilimwambia mbele ya watu. Akasema mkaa ni suala la sekta ya kupikia na yeye mjadala wake ni sekta ya kuzalisha umeme. Na simu yake alikuwa analeta kuchaji kwangu. Kila siku saa kumi jioni, hodi hodi, shikamoo ya nusu mdomo kwa sababu amenizidi shule na mimi nimemzidi miaka.

"Marahaba. Hiyo simu utaichaji kwa gesi au kwa maji?"

"Simu haina itikadi, Mama Adela."

Elimu yake hii aliipata wapi? Wengi wanadhani chuoni. Si kweli, chuoni alisoma kufundisha hesabu. Ilitoka Lukole. Kambi ya wakimbizi ilipofungwa kule, wageni waliokuwa wakifanya kazi wakaondoka na kuacha vitu, na watu wa huku wakaenda kujichukulia. Wengine walirudi na maturubai. Mimi nilipata sufuria ambayo mpaka leo inapikia harusi. Mwalimu alirudi na sanduku la bati limejaa vitabu vya Kizungu, amelifunga nyuma ya baiskeli, akasukuma kwa miguu njia nzima kwa kuogopa vitabu vitachafuka akianguka. Vilikuwa vitabu vya mitambo, vya mabomba, vya jua, vya kila kitu. Vyote vimeandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali. Yeye akavisoma kama vile vimeandikwa kwa ajili ya kilima chetu.

Alinifundishia watoto wanne, na hilo nalisema wazi. Hakuwa mtu wa fimbo. Mtoto aliyekuja shule hajala alimjua kwa kumtazama, akamtuma kwa mkewe "kupeleka barua", na barua ilikuwa imeandikwa "mpe uji". Mjukuu wangu Devota alimkuta akiwa amebakiza miaka michache kabla ya kustaafu. Hesabu zake zote nzuri ni kazi ya mwalimu huyo. Na alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, hakuna aliyesema ataiba. Angeiba nini? Angehitaji kwanza mdahalo kuhusu cha kuiba.

Zahanati hiyo ndiyo ninayotaka kufika.

Zahanati yetu ilikuwa na friji la chanjo lililokuwa linatumia mtungi wa gesi. Lilikuwa zee, lakini lilikuwa baridi. Mwalimu alipoiacha gesi na kuwa mtu wa jua, alisema ni aibu watoto wachanjwe kwa gesi. Aliandika barua, akaandika tena, na mwisho wake ikaletwa sola na friji jipya jeupe. Hapo nampa haki yake, bila barua zake lisingekuja. Friji zee likapelekwa stoo, mtungi ukarudishwa.

Alikuja fundi kijana kuifunga sola, nyuma ya zahanati, juu ya miguu ya chuma. Fundi akataka kuilaza, karibu chali, kama mtu anavyolaza ungo. Mwalimu akaja na kitabu cha Lukole.

"Kitabu kinasema ielekee kusini," akamwambia, "na isimame hivi."

"Mwalimu, huku sisi huwa tunailaza."

"Ninyi nani? Hapa imeandikwa, isimame sana, ili theluji iteleze."

Theluji. Ngara. Fundi alimtazama, akatutazama sisi tuliosimama, akainua mabega. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyekuwa anasaini kwamba kazi imekwisha. Basi fundi akaisimamisha kama mlango, uso kusini.

Ilikuwa Desemba, na friji likafanya kazi vizuri sana. Mwalimu alitembea kifua mbele mpaka Krismasi ikapita.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mwanamke wa huku analijua na hakuna aliyewahi kuulizwa. Jua haliendi njia moja mwaka mzima. Krismasi linapita upande wa kusini wa paa. Kikifika kiangazi, Juni na Julai, limehamia kaskazini. Ndiyo maana maharage tunaanika uani upande wa kaskazini, na nyuma ya nyumba, kusini, panakuwa na kivuli mchana kutwa, panaota ukungu, hapo ndipo pa kuweka mitungi ya maji ikae baridi. Mwanamke akianika mihogo upande wa kusini mwezi wa saba, mama mkwe anajua hakufundwa. Basi mwalimu alikuwa ameanika sola yake kusini, na zaidi ya hapo akaisimamisha wima. Juni ilipofika jua lilikuwa linaipiga mgongoni.

Kiangazi kile jua lilikuwa linawaka mpaka mbwa wamelala chini ya vihenge, na ndani ya friji la jua kuna joto. Nesi wetu alikuwa anafungua mlango wa friji, anatazama kipimo, anaufunga kama mtu aliyeona nyoka. Chanjo ikipata joto haifai tena. Akawa anaenda na kasha la baridi kuchota chanjo kituo cha mbali, anarudi na chache, anapofika nusu ya foleni zimekwisha.

Na kwenye foleni ile alikuwemo Devota na mtoto wake, kitukuu changu wa kwanza. Miezi tisa ilikuwa imetimia, anatakiwa sindano ya surua. Kliniki ya kwanza akarudi naye bila sindano. Ya pili akarudi naye bila sindano. Na surua ilikuwa imeshaingia kijiji cha bondeni, watoto wametoka vipele, mmoja macho yamevimba hayafunguki. Devota akaacha kwenda kanisani. Akaacha kwenda gulioni. Akawa anakaa ndani na mtoto mchana kutwa, mlango umeegeshwa, kama mtu anayejificha wadai, na mimi naenda kuwapelekea chakula na kumkatalia kila jirani anayetaka kumbeba mtoto.

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimkuta barazani anaandika.

"Mwalimu, sola yako imeligeuzia jua mgongo. Ilazeni, au igeuzeni."

"Bibi, kitabu kinasema kusini."

"Kitabu kilianika maharage lini? Toka hapa nje. Kivuli cha nyumba yako kimeangukia wapi?"

Hakutoka. Aliendelea kuandika. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya nitamani kumpiga na kiatu. Alisema kwamba friji lile sasa ni ushahidi. Mnaona, jua haliaminiki hata kiangazi! Alikuwa ameitisha kikao cha kamati, atawaalika na watu wa serikali ya kijiji, ajenda ni kulinganisha gesi, nishati ya jua na nyuklia, na mpaka kikao kiamue mtu asiiguse sola ile.

"Nyuklia itafika lini hapa kijijini?" nikamwuliza.

"Hilo ni suala la mipango ya taifa."

"Na mtoto wa Devota?"

Akageuza ukurasa. Akasema, "Ndiyo maana tunahitaji mjadala wa haraka."

Mjadala wa haraka ulichukua wiki tatu kufanyika. Nesi nilimbana, nikamwambia ilaze mwenyewe. Akaniambia bibi, mali ile ni ya wilaya, nikiigusa bila muhtasari wa kamati nimepoteza kazi. Lakini siku ya kikao yenyewe, akielekea darasani walipokutania, maana yeye ndiye mwandishi wa kamati, alipita karibu yangu akiwa na daftari kifuani. Hakunitazama. Akasema kama mtu anayeongea na daftari, "Mimi sijui kitu. Ila swichi ya kuzimia ni ile nyekundu, nyuma ya mlango."

Spana nilikuwa nimeazima kwa Masanja asubuhi. Hakuuliza ya nini. Alisema tu, "Ukimaliza, uipake mafuta."

Tulikuwa wanne. Mimi, Devota na mtoto mgongoni, na akina mama wawili kutoka kwenye foleni ya kliniki. Saa nne asubuhi, kweupe, nyuma ya zahanati. Darasa la shule limepakana na zahanati, ukuta kwa ukuta, madirisha hayana vioo. Tukazima swichi. Tukaifunika sola kwa kitenge changu, isivute jua tukiishika. Kisha nikaanza kufungua nati za miguu ya nyuma, na mikono yangu hii ya baridi yabisi, huku namsikia mwalimu ndani anaanza.

"Wajumbe, hebu tuanze na gesi."

Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imeshika kutu, tukaipiga jiwe. Tukasikia kikao kimenyamaza, tukanyamaza nasi. Devota akaanza kumtikisa mtoto asilie. Kisha sauti ya mwalimu ikapanda, "Na sasa, nyuklia!" na Masanja, naye ni mjumbe, akauliza jambo, na watu wakacheka, nasi tukapiga jiwe tena.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa kazi rahisi. Miguu ilipolegea lile bamba lilitaka kutuangukia, mama mmoja akalishika kwa kichwa, kama mtu aliyebeba meza. Tukafupisha miguu ya nyuma, tukaizungusha fremu yote, tukailaza karibu chali, imeinamia kaskazini kidogo tu ili mvua isituame. Na muda wote huo mwalimu hakumeza mate. Urani inachimbwaje. Urani inasafishwaje. Maji yanachemkaje. Mwenyekiti wa kijiji tukamsikia, "Mwalimu, jua limepanda, tufunge," na mwalimu akamjibu kwamba bado hajafika kwenye faida. Nilimlaani. Nilisema kwa sauti, pale pale, Mungu amempa huyu mtu mapafu ya punda.

Tukakaza nati. Tukafunua kitenge. Tukawasha swichi. Tukaenda kukaa kwenye benchi la kliniki kama watu waliotoka kusali.

Walipotoka, mwalimu alipita mbele yetu na kitabu kwapani. Hakugeuka kutazama nyuma ya jengo. Nesi baada ya siku mbili alifungua friji, akaita watu waje waone kipimo, na kliniki iliyofuata kitukuu changu alichomwa sindano ya surua akalia kijiji kizima kikasikia. Niliona raha. Mtoto anayelia vile atakuwa mtu wa kikao.

Hakuna aliyeuliza nani amelaza sola. Mwezi huo huo mwalimu alianza kusema tena kwamba jua, likisimamiwa vizuri, si baya. Nilimwona jizi. Nilimwambia kila mtu kwamba yule mzee amefundishwa kazi na wanawake wanne na hajui hata kuona. Nimelisema hilo kwenye mashine, nimelisema kwenye jumuiya, nimelisema miaka yote iliyofuata, na watu wamecheka.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, nilienda zahanati kwa ajili ya magoti. Nikamkuta kwenye benchi anasubiri dawa za presha. Amekwisha. Suruali ina mkunjo bado, lakini ndani yake hamna mtu. Mkewe amefariki, anapikiwa na mtoto wake. Kitukuu changu, ambaye sasa anakimbia, alikuwa anamfukuza kuku uani.

"Shikamoo," akasema. Safari hii mdomo mzima.

"Marahaba, mwalimu. Leo nchi iko kwenye gesi au nyuklia?"

Hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Mama Adela, siku ile ya kikao mlichukua muda mrefu sana."

Nikajifanya sijasikia.

"Nilikuwa nimekaa naelekea dirishani, wao wamelipa mgongo," akasema. "Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama mara mbili, anataka kutoka. Angetoka angewakuta. Angewazuia, angeandika wilayani, na sola ingesimama vile vile mpaka waje."

Nikamgeukia. Niliona aibu kwanza, halafu hasira ikaipita aibu njiani.

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Na ulijua tulikuwa sahihi."

"Nilijua tangu siku uliyokuja barazani. Ulipoondoka nilichomeka kijiti uani nikapima kivuli."

"Wiki tatu, mwalimu! Umekaa na jambo hilo wiki tatu hukulisema? Wewe?"

"Nilikuwa nimeshasaini," akasema. "Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba kitabu kinasema. Sikujua nianzie wapi."

Nilitaka kumwonea huruma. Kisha nikamkumbuka Devota nyuma ya mlango ulioegeshwa, na huruma ikakataa kutoka. Nikamwambia wazi kwamba mtoto yule pale, yule anayemfukuza kuku, angeweza kuwa kaburini kwa sababu mzee mmoja aliogopa kuchekwa. Akaitikia kwa kichwa. Hakutoa hoja. Nesi alimwita jina achukue dawa, hakuinuka, ikabidi nimwambie unaitwa.

Aliporudi na pakiti yake akakaa tena, karibu kidogo.

"Saa nzima," nikamwambia. "Umewashika watu saa nzima kwa urani."

"Saa moja na nusu," akanisahihisha.